Elfu Kumi na Tano za Jabali la Pimbi

Itigi,
4 Agosti 2024

Shemeji Klara,

Kwa kuwa umenibloku kwenye simu tangu Pasaka, nimelazimika kununua daftari. Mzee wa miaka hamsini na mbili naandika barua kama mwanafunzi wa bweni anayeomba sabuni. Anayekuletea ni Mazengo, ambaye kila wiki analeta asali yangu mnadani huko kwenu. Majibu, kama unayo, mpe yeye.

Mazengo ndiye aliyenionyesha tangazo lako. Alilipiga picha limebandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga. "Mashindano ya Kupanda Miamba, Jabali la Pimbi, Kinyangiri, Jumamosi tarehe 28 Septemba. Kombe la Calist Mughwai. Ada ya kushiriki shilingi 15,000. Ada hairudishwi. Katibu: Klara Mughwai." Nililisoma mara tatu nimesimama hapa stesheni, treni ikaja ikaondoka, na wateja wangu wakaondoka nayo.

Sasa nieleweshe taratibu, maana mimi shule sikufika mbali. Jabali lile nani amekuuzia? Bibi yetu alikuwa akianika uwele pale chini kwenye mgongo wake. Mimi na marehemu mdogo wangu tulilipanda peku tangu tukiwa na meno ya utoto, tukifuata asali na pimbi, na hakuna mtu aliyesimama chini na kitabu cha risiti. Leo Calist ana miaka mitatu kaburini, na wewe mjane wake umeweka geti kwenye jabali lililomuua.

Na hao watu wanalipia nini hasa? Mtu anatoa hela ya karibu debe zima la mtama, halafu kijiji kizima kinakaa chini kumtazama akishindwa, halafu anatangazwa kwa kipaza sauti kwamba ameshindwa. Kushindwa kulikuwa bure siku zote, shemeji. Wewe ndiye wa kwanza kutoa risiti yake.

Nataka mambo mawili. Ondoa ada kwa watoto wa kijiji, au ondoa jina la mdogo wangu kwenye kombe. Ukikataa yote, nitaandika ofisi ya kijiji.

Hali yako sijauliza, kwa sababu tangazo limenijulisha kwamba biashara inaendelea vizuri.

Ni mimi shemeji yako,
Laurian Mughwai


Kinyangiri,
11 Agosti 2024

Shemeji Laurian,

Shikamoo. Salamu hiyo nimeiandika kwa sababu wewe ni mkubwa wa marehemu na mimi nililelewa. Usiitafutie maana nyingine.

Jabali sijauziwa na mtu. Kupanda ni bure mwaka mzima, njoo hata kesho upande peku mpaka uchoke. Kinacholipiwa ni siku moja. Siku hiyo anakuja mtaalamu kutoka Moshi, analala hapa usiku mbili, anakagua vile vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba kimoja kimoja, na kinachocheza anakitoa. Muuguzi wa zahanati anakaa chini na sanduku lake. Gari linakaa tayari na dereva haruhusiwi kwenda kunywa chai. Na tunanunua kamba mbili mpya kila mwaka. Za mwaka uliopita, hata zikionekana nzima, tunazikata vipande mbele ya watu, tunawagawia wakafungie ng'ombe, ili asije mtu akazipandia. Kamba haipimwi kwa macho. Hilo nadhani wewe unalijua.

Mwaka wa kwanza tuliacha bure kabisa. Walikuja watu sitini, nusu yao wametoka kilabuni. Mmoja alitaka kupanda na gambuti. Mwingine alipanda mita tatu akaanza kuhutubia. Tulipoweka ada, walevi wote walipotea, wakabaki waliofanya mazoezi. Mtu akishatoa hela yake anakuja amelala usingizi wa kutosha na viatu amevifunga.

Kuhusu ofisi ya kijiji, andika. Mwenyekiti atakusomea risiti zote, nakala anazo.

Jina la Calist haliondoki. Alikuwa mdogo wako, lakini alikuwa mume wangu, na mimi ndiye niliyemvua viatu siku ile walipomleta.

Klara


Itigi,
16 Agosti 2024

Klara,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea ingawa imekuja na miiba.

Umeandika "hilo nadhani wewe unalijua". Kama una neno, liseme. Mimi sikupenda kupigwa mafumbo hata na mama mzazi.

Basi una mtaalamu wa Moshi, muuguzi, gari na dereva mwenye kiu. Hongera. Umefanya kitu walichokuwa wakifanya watoto kwa magoti yao sasa kihitaji msafara. Na vijana wa Dodoma na Arusha wanaokuja na viatu vya laki mbili, kwao elfu kumi na tano ni soda. Kwa mtoto wa Kinyangiri ni nini? Kwa hiyo siku ya mashindano, jabali letu litapandwa na wageni, na wenyeji watauza mihogo ya kukaanga pembeni. Ndiyo heshima unayompa Calist hiyo?

Na lile neno "hairudishwi" ndilo lililonimaliza. Mtoto akiugua asubuhi, hela imekwenda. Mvua ikinyesha, imekwenda. Hata wauza mitumba wa hapa stesheni wanarudisha.

Nimewaambia vijana watatu wa Itigi waliotaka kuja kwamba wasilipe. Nimempa Mazengo pia maneno hayo awafikishie wa Singida mjini na wa Kilimatinde, kila anakopita na asali. Nimemwambia aseme yametoka kwa kaka wa marehemu.

Laurian


Kinyangiri,
22 Agosti 2024

Shemeji,

Shikamoo.

Mazengo ni mtu mwaminifu kupita kiasi, maneno yako ameyafikisha yote. Waliojiandikisha walikuwa ishirini na sita, wamebaki kumi na tisa. Wasipofika ishirini na watano, mtaalamu wa Moshi haji, kwa sababu ada yao ndiyo inayomleta. Asipokuja, hakuna wa kukagua vyuma, na mimi sitamruhusu mtu apande. Mashindano yatakufa.

Najua utafurahi. Ila ujue kwamba mshindi wa vijana anapelekwa Moshi miezi mitatu kujifunza kazi ya kuongoza wapandaji milima. Wa mwaka jana sasa ana kazi. Wewe unauza asali kwenye madirisha ya treni, na hapo hapo unamfungia njia mtoto wa mtu usiyemjua, ili tu unikomoe mimi.

Umeniambia kama nina neno niseme. Sisemi, kwa sababu ya mwanangu Aneth. Anakupenda. Tangu siku ya kuanua matanga anakuita baba bila kuongeza mkubwa. Shukuru kwamba mimi najua kunyamaza.

Klara


Kinyangiri,
25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na nyuki hawajambo. Mimi sijambo lakini sina amani. Naomba barua hii usimwambie mama. Nimempa Mazengo nikamwapisha.

Baba, nataka kushiriki mashindano. Nimefanya mazoezi tangu Februari, tangu matokeo yalipotoka nikaona divisheni foo yangu. Naenda jabalini saa ya kuchota maji. Njia ya kulia, ile ndefu, naimaliza yote isipokuwa sehemu moja karibu na juu, na hata pale nashindwa mara moja moja tu. Nikishinda kwa vijana nitakwenda Moshi. Nisiposhinda nitakaa hapa nikisubiri nani aje kuposa.

Mama hataki hata kusikia. Nilimwomba fomu akaniuliza kama nina kichaa. Nikamwambia, mama, mbona watoto wa wenzako unawasainisha? Akasema wale wana mama zao. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Nimechukua fomu mbili mezani kwake, zimo humu, ukikosea moja utumie nyingine. Sheria ya tatu inasema mshiriki ambaye hajafika miaka kumi na minane asainiwe na mzazi, "au mlezi aliyetambuliwa na kikao cha ukoo". Mama aliandika hivyo mwenyewe kwa sababu watoto wengi wa hapa wanalelewa na baba wadogo na wajomba. Kumi na minane nitaifikia Desemba. Na kikao cha ukoo, siku ile ya kuanua matanga, kilikutambua nani? Nilikuwepo, nilikuwa nagawa chai.

Najua wewe unaichukia ada. Hata mimi sina. Lakini nakuomba, baba.

Binti yako,
Aneth


Itigi,
1 Septemba 2024

Klara,

Leo nina furaha, kwa hiyo naanza na hali. Unaendeleaje?

Ndani ya bahasha hii utakuta fomu ya kushiriki ya Aneth Calist Mughwai, njia ndefu, kundi la vijana. Imesainiwa na mlezi aliyetambuliwa na ukoo, kwa mujibu wa sheria yako namba tatu, ambayo naona uliiandika kwa mwandiko mzuri sana. Pamoja na fomu kuna shilingi elfu kumi na tano taslimu. Naomba risiti.

Sikujua, Klara. Nilidhani wewe ni mchuuzi, na mchuuzi mimi namwelewa, hata mimi ni mchuuzi. Kumbe wewe ni kitu kingine. Unachukua hela ya mama wa kijiji jirani, unamfunga mtoto wake kamba, unamwambia kamba ni salama, halafu wa kwako unamfungia ndani. Mazengo nimempa maneno mapya ya kupeleka mnadani, na haya yatakwenda mbio kuliko yale ya kwanza.

Na wale vijana watatu wa Itigi wanakuja. Nimewalipia. Usiniulize kwa nini, nilitaka uwe na watu wa kukutazama.

Laurian


Kinyangiri,
5 Septemba 2024

Laurian,

Leo shikamoo hupati.

Fomu nimeichana. Hela yako hii hapa, noti zile zile, sijazikunjua. Aneth hapandi. Kikao chenu cha ukoo kilinigawia mlezi kama mtu anavyogawiwa jembe, sikuulizwa. Nilikubali kwa sababu nilikuwa bado nimevaa kaniki na sikuwa na nguvu ya kubishana na wanaume kumi na wawili. Sasa ninayo.

Ulitaka neno. Lichukue.

Juni ile, siku tatu kabla kamba haijamkatikia Calist, nilikuwa nasonga ugali na mlango uko wazi. Ninyi mlikuwa mmekaa nje na debe la asali mliyotoka kuiuza. Calist akasema, kaka, katika hela hii tutoe ya kamba, hii ya katani imeanza kuota nywele. Ukaishika. Ukaivuta mara mbili, hivi na hivi. Ukasema, "Kamba hii bado, itatuzika sote." Mkacheka. Hela ukaiweka mfukoni.

Niliisikia kwa masikio yangu, nikiwa na mwiko mkononi. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu mwanamke wa ukoo wenu haingilii hela ya asali. Hiyo ni dhambi yangu, nailipa kila mwaka kwa kununua kamba mbili. Wewe ya kwako unailipaje? Unaandika barua kwamba elfu kumi na tano ni wizi.

Nimewauliza watu wa Moshi kamba moja nzuri ya kumshika mtu mzima ni bei gani. Ni pungufu ya debe lile la asali. Pungufu sana.

Usimwandikie tena mwanangu.

Klara


Itigi,
10 Septemba 2024

Klara,

Hela nimeirudisha tena, iko ndani pamoja na fomu mpya. Ada hairudishwi. Ni sheria yako, imebandikwa kwenye mashine ya kusaga.

Ndiyo, nilisema. Kila neno. Usichokijua ni kwamba baada ya kucheka nilimtupia Calist kamba ile mapajani na yeye akaikunja, akaiweka begani, akaniamini. Hilo hukuliona, ulikuwa umeinamia chungu. Mimi naliona kila siku, na ndiyo maana nimehamia Itigi, kwenye vichaka ambako hakuna hata jiwe la kukalia. Ulidhani nimefuata nyuki.

Unauliza kwa nini nachukia ada. Umenipata vizuri, basi sikiliza. Siku nikikubali kwamba mtu mwenye akili anatoa elfu kumi na tano kwa ajili ya kamba, nitakuwa nimekubali kwamba nilikuwa na hela mfukoni na nikamuua mdogo wangu kwa uchoyo. Kwa hiyo sikubali. Ni bora uwe mwizi. Nimejishikiza kwa kukuita mwizi, na ukininyang'anya hilo sijui nitaamka nikiwa nani.

Nimeliandika na sitalifuta. Lakini usidhani nimekuja kupiga magoti, maana na wewe bado una la kujibu.

Kamba yako ni nzuri au ni mbaya? Chagua. Kama ni nzuri, kama hao wa Moshi wanakagua na muuguzi yupo na gari liko tayari, basi Aneth atapanda kama watoto wa wenzako. Kama ni mbaya kiasi kwamba humwamini nayo mwanao, basi warudishie watu wote hela zao leo, mmoja mmoja, mbele ya mashine ya kusaga, useme kwa nini. Huwezi kuuza kitu ambacho wewe mwenyewe hukinunui. Calist aliniamini mimi kuhusu kamba ambayo sikuwa nimeipandia mwezi mzima. Hao wazazi ishirini na kitu wanakuamini wewe vilevile.

Mimi nilikuwa mchoyo. Wewe ni mwoga. Sijui ni lipi baya zaidi, lakini la kwako bado linarekebishika.

Laurian


Kinyangiri,
30 Septemba 2024

Laurian,

Barua yako ilikaa chini ya godoro siku nane. Nilikuwa nikiitoa, nikikutukana, nikiirudisha. Siku ya tisa niliandika jina la Aneth kwenye orodha, namba thelathini na moja, maana waliojitoa walirudi waliposikia wa Itigi wamelipa. Risiti yako imo humu, usije ukasema nimekula.

Mazengo anasema juzi ulifika hadi stendi ya Singida, ukanunua tiketi ya kuja huku, halafu ukapanda basi la Manyoni kurudi kwako Itigi. Basi nakueleza ulichokikimbia.

Nilimwambia mtaalamu wa Moshi kwamba kamba ya mwanangu nitaishika mimi. Alikataa. Nikamwonyesha jinsi ninavyoshika, nimejifunza miaka miwili, akanijaribu na watu wawili wazito, akakubali. Saa tano asubuhi Aneth alifunga fundo lake, nikalikagua, akalikagua na mtaalamu, akapanda. Sikumtazama usoni. Anapanda kama baba yake, anaweka mguu kwanza halafu ndio anafikiri.

Pale karibu na juu mkono ulimtoka.

Hakupiga kelele. Alikuja chini na mgongo, urefu wa watu wawili, na watu wote wakasema "aah" kwa pamoja. Unajua mimi nilifanya nini? Nilikaza mkono. Basi. Mkanda ulinivuta kiunoni, visigino vikanyanyuka kidogo, na kamba ikashika. Alining'inia pale juu akiyumba, akasema, "Mama, naomba unishushe taratibu, kiatu kimelegea." Watu wakacheka. Muuguzi hakufungua hata sanduku. Muuza mihogo aliendelea kukaanga.

Nilidhani siku hiyo ikija nitashukuru Mungu, na nilishukuru. Lakini nilipomfungua kamba, kilichonijia kilikuwa ni chuki, Laurian, mpya kabisa, kubwa kuliko ile ya zamani. Miaka yote hii nilikuwa nawaza kwamba kumwokoa Calist kungehitaji jambo kubwa, muujiza, malaika. Sasa nimeona kwa macho. Ilikuwa ni kitu kidogo tu. Kelele za "aah" na kiatu kilicholegea, halafu angeshuka, angekula mhogo, angerudi nyumbani akiwa na aibu kidogo. Mpaka leo angekuwa anataniwa.

Nakuchukia wewe kwa sababu hela ilikuwa mfukoni mwako, na mimi najichukia kwa sababu sauti ilikuwa kooni mwangu. Sijui kama itapungua. Sikuandikii kwa sababu imepungua.

Aneth hakushinda, alikuwa wa nne. Mtaalamu amemwambia arudi mwakani, naye ameshaanza tena kuchelewa kuchota maji.

Nakuandikia kwa sababu ya kitu kimoja. Jana, tulipokuwa tunazikata zile kamba za mwaka jana, aliniuliza, "Mama, ya baba ilikuwa ya namna gani? Nani alikuwa anaikagua?" Nilikuwa na kisu mkononi. Kulikuwa na watu. Nilimwambia baba yako mkubwa anakuja, atakueleza yeye. Aliruka kwa furaha. Ameshafua mashuka ya kitanda cha wageni.

Kwa hiyo utakuja, kabla ya mvua. Utakaa naye nje, mimi nitakuwa jikoni na mlango utakuwa wazi. Utamwambia ulivyoivuta mara mbili na ulivyosema na ulivyocheka, yote, kwa mdomo wako. Ukiacha neno hata moja nitatoka nilimalizie.

Namba yako nimeifungua. Piga ukifika stendi, Aneth atakuja kukupokea. Nauli jilipie mwenyewe.

Klara, mama Aneth